Kaburi la Babu Yako Halimo kwenye Ramani

Gehandu, Hanang
3 Mei 1981

Gervasi,

Huna haya. Miezi mitano hujaandika, na siku uliyokumbuka kwamba una bibi ukamtumia picha ya ngano, na wewe katikati yake. Ngano! Mimi nikifungua mlango naona ngano. Nikienda kuchota maji naizunguka ngano, na njia iliyokuwa fupi sasa inanichukua asubuhi nzima. Nani alikuambia nina njaa ya kuona ngano ya Wahindi? Ningetaka picha yako umesimama peke yako nione kama umekonda. Nimeibandika ukutani, lakini nimeigeuza. Unatazama udongo. Kaa hivyo hivyo mpaka uwe na adabu.

Basi, marahaba, maana najua ulipoishika kalamu uliniamkia moyoni. Sisi ni wazima kiasi chetu. Shangazi yako Imakulata kule Tumati amejifungua tena, mtoto wa kike, wa ngapi sisemi. Mumewe Tluway amevuna mahindi na maharage, mvua ya mlimani haikumtupa. Ng'ombe wetu anaotushikia wapo. Goti langu la kushoto linauma, la kulia linalionea wivu, nalo limeanza.

Sasa jambo lenyewe.

Wiki iliyopita ilikuja Landrova ya shamba la ngano la serikali. Wakashuka vijana, wakachimba, wakasimika bikoni, ile nguzo ya wapima ardhi, yenye rangi nyekundu. Unajua wapi? Pale kwenye bung'eda ya babu yako. Hatua chache tu. Kile kilima cha kaburi tulichokijenga miezi tisa, na wewe ulikuwa mtoto, ukibeba samadi kwa mikono yako mpaka harufu yake ikakuganda. Nikatoka na fimbo yangu. Nikamwambia mkubwa wao, "Kunjua hiyo ramani yako, unionyeshe mume wangu amelala wapi." Akaikunjua juu ya boneti. Akasema, "Bibi, hapa hakuna kitu. Eneo hili lilihesabiwa mwaka sabini na saba. Maboma sifuri, watu sifuri."

Nikamwambia, "Na mimi ninayesema na wewe ni nini, mbuzi?"

Wakacheka wote. Mmoja alikuwa mtoto wa kijiji cha Mogitu, nawajua wazazi wake, naye alicheka.

Wanasema msimu wa kulima unaokuja plau itavuka mpaka huku. Nakuuliza jambo moja tu, na unijibu kwa maneno, si kwa picha. Hesabu hiyo ya mwaka sabini na saba ilifanywa na nani?

Barua hii nimeiandika mwenyewe. Mwalimu Basili wa kisomo cha watu wazima amenisahihisha mahali pawili tu, na hapo pote pawili tumebishana.

Bibi yako,
Tekla, mke wa Gidahosh


Ludhiana, Punjab
28 Juni 1981

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo, na tena shikamoo. Barua yako imenifikia baada ya wiki saba. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kama ninavyosimama ukinigombeza. Nisamehe kwa kimya. Masomo yamenibana, na joto la hapa mwezi huu si la kusimulia: tunamwagia sakafu maji ndipo tulale. Sijakonda. Wananipa mikate ya ngano asubuhi, mchana na jioni, na maziwa ya nyati wanaowafuga nyumbani kama sisi ng'ombe. Maziwa ni mazito, ungeyapenda. Mpe shangazi hongera za mtoto.

Umekasirikia picha, lakini niliituma kwa sababu ndiyo kazi iliyonileta. Hapa, Bibi, miaka ishirini iliyopita nchi ilikuwa ikiomba chakula kwa meli. Leo mkoa huu mmoja unalisha mikoa mingine mingi. Sisi wanafunzi, wengine wa Ufilipino, wengine wa Nepal na Bangladesh, na mimi Mwafrika peke yangu, tunatafiti walifanyaje. Kuna mbegu mpya. Kuna visima vya mashine. Serikali inatangaza bei ya ngano kabla mkulima hajapanda, ili asiogope. Kila mmoja wetu ataandika jinsi sera hizo zinavyoweza kufaa kwao. Profesa wangu ameniambia niilinganishe Punjab na Hanang. Ni heshima kubwa. Uwanda wetu utatajwa kwenye semina ya watu wa Asia nzima.

Kuhusu bikoni, usiwe na wasiwasi mno. Mambo ya vipimo yana wataalamu wake, na mara nyingi wanasimika alama kwa ajili ya kujua tu, si lazima walime. Nenda kwa katibu tarafa umweleze kwa upole. Usimpige mtu fimbo.

Mjukuu wako akupendaye,
Gervasi


Gehandu, Hanang
16 Agosti 1981

Gervasi,

Nilikuuliza moja, umenijibu kumi, na ile moja haimo. Nimeisoma barua yako mara tatu. Basili akaisoma, akasema, "Mama Tekla, ameandika vizuri." Nikamwambia, ndiyo, kama mtu anayezunguka boma asiingie.

Tunaishi. Mtoto wa Imakulata amebatizwa Letisia. Goti ni lile lile. Kiangazi kimekuwa kikali, na majani ya bondeni, yale tuliyokuwa tukiwaachia ng'ombe wakati wa mvua wanenepe, sasa yako chini ya ngano, kwa hiyo hakuna mnyama aliyeingia kiangazi akiwa na mwili. Maziwa ni ya kupakwa mdomoni tu.

Sasa usikie habari ya Gidabuday, jirani yetu, yule aliyekuwa akikutania kwamba utaoa mwalimu. Alipeleka ng'ombe wakalambe magadi, kwa njia ile ile ya baba yake. Njia imelimwa. Yeye atapita wapi, angani? Walinzi wa shamba wakamkamata, wakashika na ng'ombe. Akawekwa ndani wiki tatu. Amerudi anakohoa, upande mmoja wa mbavu haulalii. Ukimuuliza walimfanya nini anasema, "Nilianguka." Mzee wa miaka yake, mchungaji tangu hajaota meno ya pili, anakuambia alianguka.

Nilikwenda kwa katibu tarafa, kwa upole wako huo. Alinikalisha kwenye kiti. Akasema kamati itakuja mwezi wa Novemba kusikiliza wenye malalamiko. Lakini akasema, "Bibi, maneno matupu hayatasaidia. Karatasi inasema hapa hapakuwa na watu. Karatasi inashindwa na karatasi. Leteni yenu." Karatasi yetu! Tangu lini kaburi likawa na karatasi?

Unasema umekwenda huko kutafiti. Haya, na mimi nikutume utafiti. Huyo mkulima wako mwenye kisima cha mashine mwache, ameshasema sana. Kamtafute mwanamke mzee, wa umri wangu, mwenye mifugo. Muulize: kabla ya ngano, hapa palikuwa na nini? Muulize nani alikuwa akipita hapa. Muulize hiyo ngano anaila yeye au inapanda treni. Hapa kwetu inapakiwa kwenye malori inakwenda mjini kuwa mkate, na mimi mkate huo naununua Katesh ukiwa umeota ukungu.

Halafu nijibu ile moja.

Tekla


Ludhiana, Punjab
10 Oktoba 1981

Bibi yangu,

Shikamoo. Pole kwa goti, na pole nyingi kwa Baba Gidabuday. Nililia, sikufichi. Mwambie nimemkumbuka, na kwamba bado sijaoa mwalimu wala nesi.

Nilifanya ulivyonituma. Wenzangu walinicheka, maana kwenye fomu zetu za utafiti hakuna mahali pa kumwandika mwanamke mzee. Tunamwandika mwenye shamba. Nikaenda hivyo hivyo na mwenzangu anayejua lugha, kijiji cha saa moja kwa baiskeli. Mama huyo anaitwa Gurdev Kaur. Ana nyati mmoja amefungwa ukutani, anamletea majani kwa kichwa.

Aliniambia kwamba zamani kijiji kilikuwa na ardhi ya wote. Haikuwa ya mtu. Wasio na mashamba walichunga pale, walikata kuni pale, na wazee wao walichomewa pale walipokufa, maana hawa hawaziki. Ngano ilipopata bei, ardhi ile ikagawanywa, wakubwa wakapata, ikalimwa. Yeye alikuwa na nyati kadhaa, akabaki na mmoja. Wanawe wakawa vibarua, na sasa hata kibarua ni shida kwa sababu wanaletwa watu wa mikoa maskini kwa treni, wanaokubali malipo ya chini. Na maji, Bibi! Kisima cha kijiji kimekauka kwa sababu vile vya mashine vinayanywa kutoka chini, na kila mwaka yanashuka zaidi. Hili hata wakubwa wa chuo wanaanza kulisema, kwa sauti ndogo.

Nikamuuliza kuhusu ngano. Akasema wanawe hulipwa ngano wakati wa mavuno, wanaila miezi michache. Baadaye wananunua.

Halafu akaniuliza yeye, "Na kwenu, wazee wako wanachunga wapi?" Nikamsaidia kumwekea nyati majani.

Niliporudi nilifungua vitabu vya takwimu nitafute ile ardhi ya wote. Imeandikwa: ardhi isiyotumika. Waliokuwa wakiitumia, pengo. Profesa wangu anasema ndio ugumu mkubwa wa utafiti wa nchi hizi zetu zote, Asia na Afrika: sera inaandikwa kutoka kwenye jedwali, na asiyekuwemo kwenye jedwali hapati bei, hapati maji, wala fidia. Amesema vizuri sana. Hajui kwamba jedwali langu la Hanang, nililomkabidhi mwezi wa Julai, linaanza na sifuri.

Umeniuliza mara mbili nani alihesabu mwaka sabini na saba. Bibi, unajua. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, wakatafuta kijana anayejua Kiswahili na Kibarbaig. Nilikuja na mkubwa wangu kwenye Landrova mpaka mlangoni kwako. Nilikuuliza kwa adabu, mbele yake: hapa mnaishi wangapi? Ukasema, "Hakuna." Nikauliza ng'ombe. Ukasema, "Hakuna." Nikaenda kwa kina mama wengine wote, wote wakasema hivyo hivyo.

Mimi niliandika mlichosema.

Gervasi


Gehandu, Hanang
29 Novemba 1981

Gervasi,

Ndiyo. Nilisema hakuna.

Salamu utazipata mwisho zikibaki.

Nilisema hakuna, na ukinirudisha siku ile nitasema hakuna. Unataka kuniambia hukujua kwa nini? Wewe niliyekulea tangu baba yako alipofariki? Mara ngapi nilikupiga kofi la mdomo kwa kuwahesabu ndama kwa kidole? Watu na mifugo hawatajwi kwa idadi mbele ya mgeni. Unasema wapo, au unasema hakuna, na aliye na akili anaingia anajionea.

Nitakuambia jambo ambalo sikumwambia hata padri. Mwaka wa sensa ya Mwingereza, baada ya vita, alikuja karani na kofia. Nilikuwa mwanamke kijana, nina kiburi cha uzazi. Akaniuliza, nikajibu kwa sauti, nikiwaonyesha mmoja mmoja wamesimama mstari: watoto watano. Nilikuwa najisifu. Kabla mvua haijaisha nilikuwa na wawili, baba yako na Imakulata. Najua, ni surua. Sista aliniambia ni surua, Basili naye ananiambia ni surua. Ilipita kwa wote, sawa. Lakini aliyewataja ni mimi. Tangu siku hiyo mdomo wangu haujatoa idadi ya kitu chenye pumzi, na hautatoa kwa ajili ya Landrova.

Sasa wewe. Siku ile wewe hukubaki kwenye gari. Mkubwa wako alibaki, anaogopa mbwa. Wewe uliingia ndani. Ulikaa kwenye kigoda cha babu yako. Nilikupa maziwa kwenye kibuyu, ukayamaliza, ukafuta mdomo kwa mkono. Ulimuuliza Gidabuday habari za mke wake. Ukapita kwenye bung'eda, ukang'oa majani, ukayaweka juu kama nilivyokufundisha, babu asikuone mpita njia. Nilikuona. Halafu ukatoka nje ukaandika kwamba babu hayupo na mimi sipo.

Mimi nilisema hakuna kwa sababu naogopa kifo. Wewe uliandika sifuri kwa sababu unaogopa nini?

Na liko jingine. Usiku mmoja kabla ya kazi hiyo ulilala hapa, na asubuhi ulikuwa mlangoni na daftari lenye jalada la bluu, unatazama moshi wa boma hili na boma lile, unaandika. Nilinyamaza nikasema huyu anajua atakavyofanya, hatatuuliza. Daftari hilo liko wapi? Usiniambie limepotea. Wewe hutupi hata kipande cha penseli.

Kamati ilikuja. Tulikaa chini, wao juu ya viti. Walikuwa na hiyo sifuri yenu mkononi. Gidabuday akasimama kusema, akakohoa mpaka wakamwambia akae. Nikasimama mimi. Nikasema daftari lipo, na aliyeliandika yupo hai, anasoma ngano huko kwa Wahindi. Mwenyekiti wao akasema, "Likifika kabla ya mwisho wa Januari tutasimamisha trekta tuje tutazame upya. Lisipofika, kazi inaendelea."

Umesikia. Siyo mimi nimesema. Wamesema wenyewe mbele ya watu wote.

Lifunge kwenye gunia, lishone, liandike jina la Basili, misheni ya Katesh. Litume siku utakayoipata barua hii, siyo kesho yake. Kama unaona halitawahi, piga simu ya maandishi tu: ni mimi niliyehesabu, nilikosea, watu wapo. Weka jina lako. Itatosha.

Zimebaki salamu. Imakulata anakusalimu. Mimi sijui.

Tekla


Ludhiana, Punjab
22 Januari 1982

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini Krismasi imekupita salama, na Letisia mdogo anakaa sasa.

Barua yako niliipata tarehe nne. Nimekaa nayo siku kumi na nane. Nakuandikia ukweli.

Daftari ninalo. Liko chini ya godoro langu. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wangu: maboma arobaini na matatu, kila moja kwa jina la mwenye nyumba. Chini yake: bung'eda saba. Nilimwonyesha mkubwa wangu jioni ya siku ile ya kuhesabu. Alisema, "Nani alikuambia haya? Wao wamesema hakuna. Takwimu ni kile kinachosemwa na wahusika, si unachokijua wewe." Akachukua rula yangu akapiga mstari juu ya ukurasa mzima. Kwenye ukurasa wa pili nikaandika sifuri. Mwezi uliofuata jina langu likapelekwa kwa ajili ya masomo ya nje. Sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja mpaka uliponiuliza naogopa nini.

Bibi, anayenisomesha huku ni mradi huo huo wa ngano. Semina yangu ni tarehe ishirini na sita Machi. Daftari likifika mbele ya kamati sasa, watanirudisha bila cheti, miaka mitatu imepotea. Nikiwa na cheti nitasikilizwa kama mtaalamu, siyo kama mtoto aliyekosea. Nitasema mambo makubwa, siyo ya kaburi moja tu. Kamati zetu unazijua, husema Januari wakimaanisha Juni.

Nivumilie mpaka Machi tu. Nakuomba, mke wangu mkubwa, kama ulivyokuwa ukitaka nikuite.

Gervasi


Gehandu, Hanang
14 Machi 1982

Gervasi,

Usiniite mke wako. Utani una wakati wake.

Gidabuday amefariki, Jumapili ya kwanza ya Februari. Mbavu zile hazikupona. Alikuwa mtu wa kujengewa bung'eda, wazee walishakubaliana zamani. Tumemzika upande wa korongo, kwenye mawe, bila kilima, kwa sababu hatujui plau itafika wapi, na mkewe amesema hataki kumzika mara mbili. Imakulata alishuka kutoka Tumati akakaa nami wiki moja. Wengine wazima.

Tarehe tisa Februari walikuja. Mimi na mjane wa Gidabuday tulikuwa tumekaa juu ya bung'eda tangu asubuhi. Trekta ya kwanza alikuwa nayo yule mtoto wa Mogitu aliyecheka. Alifika karibu akazima. Akashuka, akasema, "Bibi, shikamoo." Nikasema marahaba. Akasimama tu, akiangalia tairi. Mkubwa wake akaja akamwambia apande. Akasema tumbo linamuuma. Akapewa mwingine, sijui wa wapi, asiyejua hata lugha yetu. Walinzi wakatubeba kwapani, wakatuweka pembeni kama magunia. Hawakutupiga. Niseme kweli, hawakutupiga.

Kilima kilikuwa kimeshashuka kwa miaka yake, unajua zinavyoshuka. Plau ilikipita mara mbili. Mara ya pili ikaleta juu kipande cha ngozi nyeusi. Ngozi ya yule ng'ombe dume, tuliyomfunikia babu yako tulipomzika. Nimeiokota. Nimeifunga kwenye kitenge changu cha kanisani, iko juu ya dari. Mifupa sikuiona, na sikutafuta. Walipanda siku ile ile. Leo imeshaota, kijani kabisa, ungeipenda kwenye picha.

Boma langu wameliacha kwa msimu huu. Ngano iko mlangoni.

Barua yako imenifikia tarehe mbili Machi. Nivumilie mpaka Machi, umeandika. Haya, Machi hiyo hapa. Nimevumilia.

Sitakutukana tena, maana nilipoisoma niliona kitu kimoja: hujanidanganya. Ungeweza kusema panya wamekula. Na mimi nisijifanye mtakatifu. Nilikuona ukiandika nikanyamaza, na nilisema hakuna nikijua karatasi haina macho ya kuingia ndani ikajionea. Ile sifuri tuliizaa wawili. Wewe uliiandika, mimi nilikutajia.

Kwa hiyo nimefanya jambo ambalo sijalifanya tangu mwaka wa sensa. Nimehesabu.

Nilimchukua Basili awe shahidi. Kutoka kwenye mwamba mweupe wenye ufa, ukiutazama mlima Hanang, mpaka alipolala babu yako, ni hatua mia mbili na kumi na nne. Hatua zangu, za goti hili. Nilizitaja kwa sauti. Basili anasema nilikuwa napiga kelele. Halafu nilikaa chini nikayataja maboma, moja moja, jina kwa jina, na watu wa kila boma, walio hai na waliokwenda. Nilipomaliza nikangoja ardhi ipasuke. Haikupasuka. Mtoto wa Imakulata alipata homa siku mbili, ikapoa. Sijalala vizuri mpaka leo, lakini nimeshasema.

Na umekosea. Siyo arobaini na matatu. Ni arobaini na manne. Umemsahau Sulle kipofu, nyuma ya korongo, aliyekuwa hapiki mwenyewe, ndiyo maana hukuona moshi. Bung'eda saba umepatia.

Sasa sikiliza, sitaandika tena.

Hiyo semina yako ya tarehe ishirini na sita, kama barua hii imewahi, simama mbele ya maprofesa wako na hao watu wa Asia nzima. Wasomee ile sifuri. Waambie iliandikwa na nani, na ni nani aliyeitaja, na kwa nini. Yule mama mwenye nyati mmoja umtaje kwa jina lake, usiseme "mwanamke mmoja". Wakikunyima cheti, wakunyime. Kama barua imechelewa na cheti umeshapewa, kachukue barabara nyingine ufike mahali pale pale: rudi kwao useme.

Halafu njoo nyumbani. Ngano wanaivuna Julai. Baada ya kombaini kupita na kabla ya plau kurudi, shamba linakuwa tupu, mtu anaweza kutembea. Njoo wakati huo. Daftari liweke kifuani, siyo kwenye sanduku. Nunua kamba ndefu Arusha na ukate vigingi njiani. Mimi nitatangulia, wewe utanifuata, Basili atashika mwisho wa kamba. Tutakwenda boma kwa boma, kaburi kwa kaburi, yote. Mimi nitataja, wewe utaandika, na utaandika juu ya ule mstari waliopiga kwa rula. Likijaa tutalipeleka kwa katibu tarafa sisi wenyewe, na safari hii nitakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Usije na zawadi. Usije na picha. Na usichelewe, maana ninayejua alipolala kila mmoja nimebaki mimi, na goti langu unalijua.

Ukifika mlangoni usisimame nje kuuliza kama kuna watu. Ingia. Kaa kwenye kigoda. Kunywa maziwa yote yaliyomo kwenye kibuyu. Ndipo ufungue daftari, na mtu wa kwanza kumwandika awe mimi.

Tekla, mke wa Gidahosh
Gehandu